Colombiana: Mtoto wa miaka tisa ndiye stelingi halisi

Mtu wa Nairobi aliyekulia kwenye vibanda vya video vya Eastlands anaijua hadithi ya Colombiana kabla haijaanza. Mzazi anauawa, mtoto ananusurika, anakua, kisha wauaji wanasakwa mmoja mmoja hadi kwa mkubwa wao. Filamu hii ya 2011 iliongozwa na Olivier Megaton, na walioiandika ni Luc Besson na Robert Mark Kamen. Haitoki kwenye njia hiyo hata hatua moja. Besson mwenyewe alikwisha kuipita kwa filamu zake: Nikita mwaka 1990, halafu Léon mwaka 1994, ambamo msichana anaomba afunzwe kuua ili awalipizie jamaa zake. Hata hivyo itazame, hasa kwa sababu ya mwanzo wake.

Ni Bogotá, 1992. Cataleya ameketi mezani na nguo zake za shule, wazazi wake wameuawa sasa hivi tu. Marco, mtu wa mkono wa kulia wa Don Luis, bwana wa dawa za kulevya, anakaa mbele yake na kumbembeleza kama mjomba aliyekuja na peremende: nipe alichokuachia baba yako. Amandla Stenberg, anayemwigiza Cataleya akiwa mdogo, halii wala hatetemeki. Anamkazia macho tu. Ghafla kisu kimeshuka kwenye mkono wa Marco, na mtoto ametoroka kupitia dirishani. Mbio zinazofuata, juu ya mapaa na ndani ya vichochoro, zinaeleweka kwa macho: unajua yuko wapi, anakimbilia wapi na nani yuko nyuma yake. Mkazi wa Mathare hahitaji kuambiwa kwa nini mtoto mwepesi anayeijua mitaa anawaacha wanaume wazima wenye bunduki.

Cliff Curtis naye, kama Emilio, baba mdogo anayempokea Chicago, anaipa hadithi joto. Mtoto anataka kufunzwa kuua, hataki shule. Emilio anatoa bastola mchana kweupe na kulipiga risasi gari linalopita, ili aone kinachompata muuaji asiye na elimu: polisi hao wanakuja. Hakuna onyo la mdomo ambalo lingemwingia mtoto yule kwa kasi hiyo.

Baada ya miaka kumi na mitano anaingia Zoe Saldana, kama Cataleya mtu mzima ambaye sasa ni muuaji, na kazi yake ya kwanza ndiyo iliyopangwa vizuri kuliko zote. Analigonga gari la polisi akijifanya mlevi chakari, akijua atalazwa rumande usiku uleule mlengwa wake anaoletwa hapo. Askari wakishamwona amezimika, anavua nguo za juu, chini ana vazi jeusi la kubana. Anapenya kwenye mifereji ya hewa, anaua, anarudi kitandani kabla hawajamkagua. Kinachofanya ipendeze ni kwamba hakuna anayekueleza mpango. Kila hatua unaiona kwanza na maana yake inakujia baadaye, kwa hiyo unajumlisha mwenyewe.

Kuanzia hapo nguvu inapungua. Cataleya huchora ua la jina lake, okidi aina ya Cattleya, kwenye vifua vya anaowaua, ili Don Luis ajue anawindwa. Hilo lina mantiki, na Emilio ana haki ya kukasirika, maana ishara hiyo inaiweka familia nzima hatarini. Lakini waandishi hawaifuatilii vya kutosha. Badala yake siri inavuja kupitia Danny, mpenzi wake mchoraji (Michael Vartan), anayempiga picha akiwa amelala. Picha inamfikia rafiki, kutoka kwa rafiki inaingia kwenye kompyuta za polisi. Mwanamke aliyewakwepa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, miaka yote anaangushwa na bahati mbaya! Kisasi kikijengwa juu ya bahati, mtazamaji anaacha kuhesabu hatua na kuanza kungoja milipuko. Lennie James, mpelelezi Ross, ni mwigizaji hodari, ila amepewa mazungumzo mengi ya ofisini yanayorudia tunayoyajua.

Kasoro nyingine ni uhariri. Pambano la mwisho na Marco, ana kwa ana ndani ya nyumba, limekatwakatwa vipande vifupi mno: mkono, uso, ukuta, mkono tena. Huoni nani kampiga nani. Nchini Marekani filamu ilitolewa kwa daraja la PG-13 (wazazi watahadhari kwa watoto walio chini ya miaka 13), na daraja hilo halivumilii damu nyingi, lakini mbio za Bogotá zinaonyesha kwamba hatari inaweza kuhisiwa bila damu. Saldana anajituma kwa mwili wote, anastahili kamera iliyotulia.

Waangalie pia mbwa wake wawili tangu wanapoonekana mara ya kwanza. Hawakuwekwa kwa urembo.

Filamu inachukua kama dakika 108. Karibu mazungumzo yote ni Kiingereza, hata Wakolombia wakiwa peke yao, na lafudhi ni nzito, kwa hiyo washa maandishi ya chini. Ukikutana na nakala yenye msimulizi, kwa mtindo wa DJ Afro, Mkenya anayesimulia filamu juu ya sauti yake, iache kwa leo: ile meza ya Bogotá inahitaji ukimya wake. Epuka pia nakala iliyobanwa sana, kwa sababu ndani ya mifereji ya hewa kuna giza na utaona weusi mtupu. Watoto wadogo wasiwepo, kwani mauaji ya familia yanakuja mapema kabisa.