Moshi hadi Tanga kwa baiskeli ya milimani: uzoefu wangu na BRouter

Kwa yeyote anayewaza kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa baiskeli ya milimani bila kurudi alikotoka, BRouter ndicho chombo cha kupangia njia ninachokipendekeza kabla ya kingine chochote. Ni bure, hakidai akaunti wala namba ya simu, na kinafunguka kwenye kivinjari cha kawaida. Nilikitumia kupanga njia ya Moshi hadi Tanga, kisha nikaiendesha njia yenyewe, kwa hiyo ninayoyasema hapa miguu yangu imeyapima.

Safari ya kwenda tu ina ugumu wake. Anayekwenda na kurudi njia ileile, nusu ya safari anaijua. Anayekwenda moja kwa moja, kila kilomita kwake ni ngeni, na akikwama saa saba mchana porini baada ya kijiji cha Kisiwani, kugeuza hakumsaidii kitu. Hivyo mpango mzuri hauishii kwenye umbali. Unatakiwa ujue mapema udongo wa njia, milima iko wapi, na ni wapi unaweza kuchomoka ukaifikia lami kama mwili au baiskeli imegoma.

Watu wengi watakwambia Moshi hadi Tanga ni mteremko, maana unatoka kwenye mita kama 800 unashuka hadi baharini. Kwa lami ni kweli kwa kiasi kikubwa. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893 waliipitisha chini ya milima, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911, na barabara kuu ya leo inafuata bonde lilelile. Lakini ukichukua baiskeli ya milimani halafu ukae bondeni umebanwa na malori na mabasi, umejinyima Upare na Usambara, na hizo ndizo zinazofanya safari hii istahili jasho.

BRouter inasoma ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea, ikichanganya na vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000. Kila kipande cha barabara kinapewa gharama yake: lami gharama yake, vumbi yake, mlima yake. Unabonyeza unapoanzia na unapokwenda, unachagua aina ya uendeshaji, njia inajichora pamoja na mchoro wa mwinuko na jumla ya mita utakazopanda. Hadi hapo hakuna jambo la ajabu. Programu nyingi zinafanya hivyo.

Kilichonifanya niipende ni jedwali. Kuna sehemu inayokuonyesha njia yako kipande kwa kipande, na kila kipande kimeandikwa lebo zilezile zilizo kwenye ramani: ni barabara ya wilaya, ni njia ya shambani, ni kichochoro cha miguu, ina changarawe au udongo. Njia za magari shambani huwa na madaraja, kuanzia grade1 iliyoshindiliwa vizuri hadi grade5 ambayo ni udongo mtupu na majani. Pia kuna uchambuzi unaojumlisha kilomita ngapi ni lami, ngapi vumbi, na ngapi uso wake haujulikani. Hizo zisizojulikana ndizo za kuziangalia kwa macho mawili. Programu nyingine inakuchorea mstari mzuri wa bluu na kunyamaza. Hii inakiri wazi kwamba hapa aliyechora ramani hakuandika kitu. Kwangu ukweli huo una thamani kuliko mstari wenyewe. Kila kipande kisichojulikana nilikifungua kwenye picha za setilaiti, na pale ambapo picha haikutosha niliuliza madereva wa bodaboda. Hakuna anayeijua barabara ya Bumbuli wakati wa mvua kuliko mtu anayebeba abiria juu yake kila siku.

Kitu cha pili ni uwezo wa kuzuia maeneo. Unachora duara, umbo au mstari, unaiambia usipite hapa, na njia yote inajipanga upya. Kutoka Same kuna pande mbili za kuizunguka milima ya Upare Kusini. Magharibi kuna lami na reli kupitia Makanya na Hedaru. Mashariki kuna barabara ya Kisiwani, Gonja Maore na Ndungu, inayokuja kuibukia mji mdogo wa Mkomazi. Nilichora mstari wa kuzuia juu ya lami ya magharibi, BRouter ikanipeleka mashariki, na sijutii hata mita moja. Mkono wa kulia una milima inayopanda hadi kilele cha Shengena, mita 2,462, na vijito vinashuka kutoka huko hadi mashamba ya mpunga ya Ndungu. Mkono wa kushoto ni nyika ya Mkomazi.

Na hapo pana tahadhari. Mkomazi ni hifadhi ya taifa tangu 2008, na njia za ndani yake nazo zimechorwa kwenye ramani. Chombo hakimjui tembo. Iwekee hifadhi nzima umbo la kuzuia kabla hujaanza kusogeza njia huku na huku, maana hifadhini huingii kama unavyokatiza shamba la jirani: kuna lango, kuna kibali, kuna wanyama. Hata kwenye barabara ya nje wanyama huvuka, kwa hiyo kipande hicho kipange kiwe cha mchana tu. Nililala Same makusudi ili nikianze alfajiri, na Ndungu nikafika jua likiwa bado juu.

Kutoka Mombo ndipo mchoro wa mwinuko unapolipa. Mombo iko kwenye mita kama 400, Lushoto karibu mita 1,400, na kati yake ni kilomita 33 za lami yenye kona. Nilijaribu mezani kufika hadi Lushoto mjini, nikaona ni kupanda kwingi ambako sikukuhitaji, nikaamua kukatia Soni. Kutoka Soni barabara ya vumbi inakwenda Bumbuli, inapita Dindira, inashuka Korogwe. Hiki ndicho kipande bora cha safari nzima: mashamba ya chai, migomba, udongo mwekundu, watoto wakikimbia kando yako, na hewa ya baridi ambayo ukitoka nyika ya Mkomazi unaiona kama zawadi. Kwenye mchoro kilionekana kama mteremko mmoja mrefu, lakini barabarani kina vilima vingi vidogo. Vipimo vya rada husawazisha mabonde membamba, kwa hiyo kwa Usambara usipange nguvu zako kwa kubana sana, jiachie nafasi. Angalia breki kabla ya kushuka Korogwe, na pedi za akiba ubebe mwenyewe. Mafundi baiskeli wapo kila mji, tyubu, viraka na cheni utapata, ila vipuri vya breki za diski usivitegemee.

Korogwe hadi Tanga ni sehemu ya kawaida. Segera, Hale, Muheza, katani kila upande. Mkonge huu uliletwa na Richard Hindorf mwaka uleule wa 1893 reli ilipoanza, na mashamba yake bado yana njia nzuri za vumbi za kukwepa lami. Nyingi ni za mashamba binafsi. Zile zilizoandikwa hivyo kwenye ramani BRouter inaziepuka. Zisizoandikwa itakupitisha, na ni juu yako kusimama kwa mlinzi, kusalimia na kuomba njia.

Yapo ambayo chombo hiki hakina, na lazima uyapange mwenyewe. Hakina upepo. Njia hii inaelekea kusini mashariki, na kuanzia Aprili hadi Septemba kusi inakupiga usoni. Wapwani wanaijua vizuri, sisi wa bara tunaisahau kwa kuwa hatuna jahazi. Januari na Februari upepo ni kaskazi, unakuja ubavuni, vuli imekwisha na masika haijaingia. Huo ndio wakati niliouchagua na ndio nitakaouchagua tena. Joto ni kali nyikani, lakini joto unalikwepa kwa kuondoka mapema, upepo hukwepi. Hakina pia maji wala chakula. Mama lishe, gesti na visima niliviandika mwenyewe pembeni ya kila kituo. Na kwa asiyezoea kompyuta, ukurasa wake una vitufe vingi. Kwenye simu ndogo inachosha, afadhali upangie kwenye kompyuta, hata ya kuazima.

Ukimaliza, unapakua faili la GPX, yaani faili lenye mstari wa njia yako, na kuliweka kwenye simu. Mimi hutumia Organic Maps: ni bure, ramani unaipakua mapema, inaonyesha mistari ya mwinuko, na inafanya kazi bila bando. Simu niliiweka hali ya ndege na chaji ikadumu, maana kupokea ishara za setilaiti hakuhitaji mtandao. Kuna pia BRouter ya Android inayohesabu njia bila intaneti, nzuri sana ukitaka kubadili njia ukiwa porini. Data yake imegawanywa kwa vipande vya nyuzi tano kwa tano za latitudo na longitudo, na mstari wa nyuzi 5 kusini mwa ikweta unapita kati ya Mombo na Korogwe. Pakua vyote viwili, E35_S5 na E35_S10, kabla hujaondoka mjini.

Kurudi ni kwa basi. Nenda stendi ya Tanga jioni ya kabla, ongea na kondakta uso kwa uso, mkubaliane bei ya baiskeli kwenye buti na utaje kwamba utafungua gurudumu la mbele. Funga sproketi kwa gunia au blanketi kuukuu, mizigo ya watu isichafuke.

Ndani ya basi nilitumia muda kujaza zile lebo zilizokuwa tupu. Programu ya StreetComplete inakuuliza maswali mepesi kuhusu ulikopita, na jibu lako linaingia moja kwa moja OpenStreetMap. Basi wewe utakayepanga njia hii baada yangu, ukifungua jedwali utakuta baadhi ya vipande vya Bumbuli na Dindira vimeandikwa udongo au changarawe. Ukipita masika ukakuta hali nyingine, ongeza na wewe.