Hata Tigers walikata risiti

Nimekaa miaka 27 nyuma ya meza ya masjala ya mahakama hapa Pemba. Kazi yangu ilikuwa kupokea hati, kugonga mhuri, kuandika nambari ya shauri, kukata stakabadhi ya ada na kumwambia mtu arudi lini. Nimestaafu, macho yamepungua, lakini karatasi isiyo na nambari bado inanikosesha usingizi. Nayasema haya mwanzo ili msomaji ajue anayesifu na kulaumu hapa ni mtu wa namna gani.

Mwezi uliopita nililipa shilingi 40,000 kuhudhuria darasa la jioni nne katika kituo kimoja cha mafunzo, Chake Chake. Jina la kituo silitaji. Mwenyewe ni mtoto wa majirani na bado tunazikana. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la fotokopi: jinsi waasi wanavyojenga utawala wa raia wakati wa kusitisha mapigano. Mjukuu wangu akacheka. "Bibi, unataka kuasi?" Nikamwambia nataka kujua nani alikuwa akikaa masjala.

Chumba kiko juu, ngazi zake kali kwa mtu wa goti. Viti vya plastiki, vitatu vimepasuka mgongo, na anayechelewa ndiye anayevikalia. Feni moja. Umeme ulikatika jioni ya pili, mwalimu akaendelea kwa tochi ya simu bila kupoteza sentensi aliyokuwa nayo. Hapo nilimpa alama zake. Chai ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Sambusa zilikuja baridi siku zote nne. Kubwa zaidi ni saa: tangazo lilisema saa kumi kamili, sisi tukaanza saa kumi na moja kasorobo, na sisi wa Wete tunategemea gari za 606, ambazo magharibi ikiingia hazimsubiri mtu. Jioni ya kwanza nilirudi kwa bodaboda, umri wangu huu, nimeshika mkoba kwa meno.

Tulikuwa watu 11. Walimu wawili wa skuli, wanafunzi, sheha mmoja mstaafu (kiongozi wa mtaa wa kuteuliwa), na mfanyabiashara wa dagaa ambaye mzigo wake unaishia Kongo. Mwalimu ni kijana wa hapa hapa aliyesomea nje. Alinipa shikamoo yangu, akanitafutia kiti kizima, na kila nilipomkatisha alisema "nakuja hapo, mama," na kweli alikuja.

Jioni mbili za mwanzo zilikwenda zote Sri Lanka, kwa wale waasi wa Kitamil waliotaka nchi yao wenyewe, wanaojulikana kama Tamil Tigers. (Tiger ni chui milia. Sisi huku tumejua chui wa madoa tu, na huyo wa Unguja naye tumemmaliza.) Nilidhani nitasikia habari za mabomu. Nikasikia habari za ofisi. Polisi yao ilianza 1991, chini ya P. Nadesan, mtu aliyewahi kuwa polisi wa serikali hiyo hiyo aliyoiasi. Mwaka 1994 wakatoa sheria yao ya jinai na sheria ya madai. Mwaka huo huo wakafungua benki. Halafu tarehe 22 Februari 2002 ukaja mkataba wa kusitisha mapigano, msuluhishi Norway, wasimamizi kutoka nchi tano za kaskazini ya Ulaya, na hapo ndipo mambo yalipochanua.

Mwalimu alilifafanua hili vizuri, na ndiyo sehemu iliyolipa nauli yangu. Mkataba haukuwapa Tigers serikali. Uliwapa mstari: huku jeshi, kule wao, na mtu asivuke na bunduki. Ila barabara ya A9, inayopanda kaskazini mpaka Jaffna na iliyokuwa imefungwa kwa miaka, ikafunguliwa. Barabara ikifunguliwa lori linapita, lori likipita kuna ushuru, na ushuru ukikusanywa lazima pawe na mtu wa kuhesabu, daftari, na stakabadhi kwa dereva asije akatozwa tena mbele. Wakaja wafadhili na mabalozi, nao hawawezi kuzungumza na mwembe. Wanataka meza, bendera, na mtu mwenye cheo. Basi mji wao wa Kilinochchi ukapata sekretarieti ya amani, na 2004 ukapata sekretarieti ya mipango na maendeleo. Trafiki wao walikuwa wakisimamisha magari yanayokwenda mbio kwenye A9. Hilo lilimchekesha sana sheha mstaafu. Alisema yeye kwake bodaboda zimemshinda, na hana jeshi la upande wa pili wa kumsumbua.

Kisha mwalimu akatwambia jambo nililolikatalia, mpaka akalieleza mara mbili. Mishahara ya walimu na madaktari wa upande wa Tigers ilikuwa ikilipwa na Colombo, yaani serikali ile ile waliyopigana nayo. Mitihani ya skuli ilikuwa ya taifa. Benki yao ilishika rupia ile ile ya Sri Lanka. Wakuu wa wilaya walioteuliwa na serikali walibaki ofisini mwao, wakipokea maagizo kutoka Colombo, na kabla ya kuyatekeleza wanajua nani wa kuulizwa. Kwa maana hiyo nyumba ilikuwa moja, mwenye kulipa kodi mmoja, na aliyeshika ufunguo mwengine. Nimeifanya kazi ya serikali muda mrefu, najua ofisi inavyoweza kuwa na bosi wa barua na bosi wa kweli. Lakini sikujua kwamba inaweza kufanywa kwa mkoa mzima, na vita juu yake.

Na saa. Colombo walikuwa wameisogeza saa yao mbele mwaka 1996, na Tigers wakakataa. Mpaka 2006, serikali iliporudi kwenye saa ya zamani, ukivuka kizuizi unarudisha mkono wa saa nyuma nusu saa. Sisi tuliozoea kumwambia daktari saa nne naye akaandika saa kumi hatuoni ajabu, lakini fikirini nguvu ya jambo hilo: hakuna risasi iliyopigwa, na kila anayevuka anajijua kaingia kwa wenyewe.

Mahakama, bila ya shaka, niliisubiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Walikuwa na mahakama za wilaya, mahakama kuu, mahakama ya rufaa Kilinochchi, na chuo cha kufundishia mawakili na mahakimu wao. Watu waliwapelekea mashauri ya ardhi, madeni, ndoa. Mwalimu alisema mashauri yalikwenda haraka, na wanafunzi wakatikisa vichwa kwa kusifu. Mimi sikutikisa. Nimeona mashauri ya haraka. Shauri linakwenda haraka hakimu anapokuwa hodari, na linakwenda haraka pia mshitakiwa anapoogopa kusema. Nikauliza: mtu akitaka kuwashitaki Tigers wenyewe, kwamba wamemchukulia mtoto jeshini, anafungua masjala ipi? Chumba kikanyamaza. Mwalimu, kwa heshima zake, hakukwepa. Akasema watoto walichukuliwa hata ndani ya miaka hiyo ya kusitisha mapigano, UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, walikuwa wakiorodhesha majina yao kwa maelfu, na mzazi alikwenda kulalamika kwa wageni, si kwa mahakama ya Kilinochchi.

Sasa lawama yangu ya kweli, kwa sababu darasa hili nalipendekeza na sitaki mtu aje kuniambia nilificha.

Jioni mbili nzima ubao ulijaa visanduku na mishale: idara ya fedha hapa, sheria pale, na juu yake siasa, mkuu wake S. P. Thamilselvan. Mpango mzuri, unaweza kuutundika ukutani. Waislamu hawakuwamo hata kisanduku kimoja. Niliuliza kwa sababu nilikuwa nikikumbuka kitu nilichosikia redioni zamani. Mwalimu akashusha chaki. Oktoba 1990 Tigers waliwafukuza Waislamu wote wa mkoa wa kaskazini, watu zaidi ya 70,000. Mjini Jaffna walipewa saa mbili. Saa mbili za kuacha nyumba, duka, msikiti, makaburi ya wazee. Na lugha yao ni Kitamil, lugha ile ile ya waliowafukuza. Wengi waliishia kambini Puttalam, nje ya mkoa wao, na mkataba ulipotiwa saini 2002 walikuwa bado huko, watoto wao wamezaliwa huko. Aprili ya mwaka huo kiongozi wa chama chao, Rauf Hakeem, alikwenda Kilinochchi kuonana na Prabhakaran mwenyewe, mkuu wa Tigers, wakaandikiana kwamba watu warudi.

Karatasi ilikuwapo, basi. Kurudi kwenyewe kulikuwa kwa kusuasua.

Nilimwambia mwalimu, mwanangu, hiki ndicho ungeanza nacho. Ukitaka kuujua utawala usiangalie foleni ya waliokuja kugongewa mhuri. Waulize wale ambao hawamo kwenye rejista. Miaka yangu yote masjala, aliyenitisha hakuwa mtu mwenye jalada nene. Alinitisha yule aliyesimama mlangoni akiangalia, kisha akaondoka bila kuingia. Mwalimu aliandika kitu kwenye daftari lake. Jioni ya tatu alikuja na ramani mpya na Puttalam imo, jambo ambalo walimu wachache wangelifanya kwa kuambiwa na bibi.

Jioni hiyo ya tatu ilikuwa fupi, na kusema kweli ya huzuni. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipiga pande zote mbili, ikaonekana sasa labda watagawana misaada kwa ofisi moja. Makubaliano yakasainiwa Juni 2005, na Julai Mahakama Kuu Kabisa ya Colombo ikasimamisha sehemu zake muhimu. Kabla ya hapo, Machi 2004, kamanda wao wa mashariki, Karuna, alikuwa amejitenga na nusu ya nchi yao ikayumba naye. Agosti 2006 barabara ya A9 ikafungwa tena. Januari 2008 serikali ikajitoa rasmi kwenye mkataba, na tarehe 2 Januari 2009 jeshi likaingia Kilinochchi, likakuta mji mtupu na tangi la maji limeangushwa. Mei vita vikaisha, na raia waliokwama na Tigers kwenye ule ufukwe mwembamba walikufa kwa wingi usioelezeka. Mwalimu hakuuliza maswali baada ya hapo. Tulikunywa chai tukaondoka.

Jioni ya nne tulikwenda Kivu, mashariki ya Kongo, na darasa likachangamka maana yule mtu wa dagaa ana wateja upande huo. Waasi wa M23 waliingia mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakateua gavana wao ndani ya siku chache, wakawatoa watu mitaani kufanya salongo, usafi wa pamoja. Julai mwaka huo wakatia saini tamko la misingi na Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, kule Doha. Swali la mtu wa dagaa lilikuwa la kibiashara: benki zimefungwa, fedha inapita wapi? Mwalimu akajibu kwamba Kinshasa ilizifunga benki za Goma, watu wakawa wanavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta fedha, na Aprili M23 wakaifungua upya CADECO, benki ya akiba ya serikali hiyo hiyo wanayopigana nayo. Nikakumbuka rupia ya Sri Lanka. Nilitamani tukae hapo zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa tunazungumza Kiswahili na mambo ya watu wa Kiswahili, lakini saa ilikuwa imekwisha, na 606 ni 606.

Kijana mmoja alijaribu kuuvuta mjadala uje kwetu, kwenye muafaka na maridhiano ya vyama vya Zanzibar. Sheha mstaafu akamkata: sisi hatukuwa na bunduki wala mstari, tulikuwa na kura na mabishano. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba miaka ile wako waliokuwa hawamwamkii yeye njiani kwa sababu ameteuliwa, hakuchaguliwa. Hakusema zaidi, na mwalimu kwa busara alimwachia.

Basi, uende? Nenda kama unapenda kujua mambo yanavyofanyika, ofisi kwa ofisi. Usiende kama unatafuta wa kushangilia. Mwalimu hana upande, na hilo wengine limewaudhi. Chukua mto wa kukalia. Muulize mapema kuhusu saa ya kumaliza. Makaratasi ya darasa ni mazuri ila maandishi madogo mno, na ramani ya kwanza, ile isiyo na Puttalam, bado wanaigawa.

Imebaki moja. Jioni ya kwanza nililipa shilingi 40,000 taslimu, nikaomba stakabadhi, nikaambiwa kesho. Kesho nikaambiwa kitabu kimekwisha. Jioni ile ile nimekaa nasikiliza jinsi waasi wa msituni, wanaosakwa na jeshi, walivyokuwa wakimkatia risiti dereva wa lori la vitunguu. Niliinua mkono nikasema kwamba Tigers wangenikatia. Watu walicheka, mwalimu alicheka, stakabadhi haikuja.

Jumatatu nikapanda tena ngazi zile. Kijana wa mapokezi alichana karatasi ya daftari la skuli, akaandika jina langu, akaandika 40,000, akatia saini. Nikamuuliza nambari iko wapi.

"Andika wewe, bibi, yoyote unayotaka."

Nikatoa kalamu mkobani nikaandika 001.