Dodoma hadi Kilosa kwa treni ya zamani, msimu wa mvua

Siku hizi ukisema treni Dodoma, mtu anawaza ile ya umeme, masaa matatu na ushee uko Dar. Mimi nazungumzia ile nyingine, ya dizeli, inayopita kwenye reli nyembamba ya mita moja waliyoitandika Wajerumani. Nilikuwa na gunia la karanga la kumpelekea shangazi Kilosa, na kwa miaka mingi nilitaka kuliona bonde la Mkondoa kwa macho yangu. Nikapanda mwezi wa pili, mvua zikiwa zimekolea. Kosa langu ndilo hilo, na ndilo linalonifanya niandike.

Tiketi na kiti sina neno. Daraja la tatu ni daraja la tatu, ukikaa masaa manne utaujua uti wako wa mgongo. Dodoma tuliondoka saa tatu asubuhi, tukapita Ihumwa na Kikombo kwa utulivu. Igandu behewa zima lilinyamaza kidogo. Wazee wa huku hawajasahau Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi kinyumenyume mlimani na watu zaidi ya 280 wakafa. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba, kisha akaendelea kumenya yai lake.

Gulwe, stesheni ya watu wa Mpwapwa, ndipo safari yenyewe inapoanza. Kuanzia hapo reli inakutana na mto na haiachani nao mpaka Kilosa. Juu unaitwa Kinyasungwe, chini unaitwa Mkondoa, maji ni yale yale. Wajerumani walikuwa na sababu ya kuung'ang'ania. Kilosa iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Dodoma inazidi mita 1,100, na bonde hili ndiyo ngazi ya asili ya kupandia. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Kigoma 1914, na muda wote huo mto umekuwa ukidai njia yake. Kutoka dirishani unaona kona ambako maji yameramba tuta mpaka limebaki jembamba kama kipande cha mkate, na masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, mengine yamelala kifudifudi ndani ya mchanga.

Pembeni yangu aliketi mzee mmoja wa Kigogo. Nilimwamkia shikamoo, yeye akanijibu na kuongeza mbukwenyi kwa behewa zima. Alifanya kazi miaka mingi kwenye gengi la njia, kikosi cha kutunza reli. Tulipopita Godegode treni ikapunguza mwendo, ikasimama. Jua kali, anga safi, hakuna wingu hata la kusingizia.

"Mzee, tumeharibikiwa?"

"Mvua, mwanangu."

"Mvua ipi?"

Akaelekeza kidole nyuma, kwenye milima ya Mpwapwa na Kongwa. Mvua ilikuwa imenyesha huko usiku. Ile nchi ni kame, vilima viko uchi, miti imeishia kwenye mkaa, kwa hiyo maji hayana pa kukaa. Yanashuka na mchanga wote kwa mpigo, yanakufikia wewe unayeota jua.

Tulishuka kwenda kutazama. Nilitegemea kukuta daraja limekwenda. Hapana. Lilikuwa kalavati dogo tu, tundu la kupitishia maji chini ya reli, mdomo wake umezibwa na mchanga, magogo na mabua ya mahindi. Mtaro wa upande wa mlimani nao ulikuwa umejaa, maji yamesimama kama bwawa la bata. Kwa juu reli ilionekana nzima. Mzee akanionyesha upande wa pili wa tuta: udongo ulikuwa umeteremka kama ugali uliozidi maji, na mataruma manne, yale mapande yanayolaliwa na reli, hayakuwa na kitu chini yake.

"Mto unaonekana, kila mtu anaukimbilia," alisema. "Kalavati lililoziba nani analiona?"

Akanieleza kwamba maji yakikosa pa kupita hayakai bure, tuta linayanywa. Likishashiba linalegea, na uzito wa treni unamalizia. Kabla ya hapo kuna dalili. Kokoto zinaanza kuchafuka, kila gurudumu likipita tope linaruka juu kutoka chini ya taruma. Gengi lao walikuwa wakiliona hilo wanazibua mitaro kabla ya Novemba, kwa koleo na sululu.

Kiberenge, kile kigari kidogo cha mafundi wa reli, kilifika na vijana kama kumi na tano, wakafanya kazi kweli kweli. Masaa sita. Kwa nilichoona wao wanastahili nyota zote. Abiria, kwa upande mwingine, hatukuambiwa chochote. Habari zote nilizipata kwa mzee na kwa mama aliyekuja kutuuzia mahindi ya kuchemsha, ambaye alijua treni itaondoka saa ngapi kuliko mtu yeyote aliyevaa sare.

Na sisi tulibahatika. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulizoa reli vipande vipande kati ya Gulwe na Kilosa, na kwa miezi abiria wa Kigoma waliokuwa Dar walilazimika kuja Dodoma kwa basi ndipo wapande treni.

Je, ningeipanda tena? Ndiyo, ila mwezi wa saba au wa nane. Ukilazimika kupanda wakati wa mvua, usiulize hali ya hewa ya Dodoma mjini, piga simu kwa mtu aliyeko Mpwapwa au Kongwa. Beba maji ya siku nzima. Na kaa dirisha la upande wa mto, hata ukilipigania, maana bonde lile kuanzia Kidete kushuka sijaona mfano wake.

Kilosa tuliingia usiku wa manane. Karanga zilikuwa kavu, shangazi alikuwa amelala.

Kurudi nilipanda ya umeme. Inapita juu, inakata milima ya Kilosa kwa mahandaki. Nilibandika uso kwenye kioo nikilitafuta lile kalavati huko chini, lakini kwa mwendo ule, hata stesheni ya Godegode sikuiona.