Alovera ipi ununue Arusha na Moshi: kutoka mche hadi vidonge

Ukizunguka mjini Arusha asubuhi moja tu utakutana na alovera za kila namna: mche kwenye kiriba, jani lililokatwa, jeli ya chupa, sabuni, juisi, unga na vidonge. Zote zinabeba jina moja, na kila muuzaji anaapa yake ndiyo dawa. Nimezitumia karibu zote, nyumbani Sakina na kwa dada yangu Moshi, na hapa nimezipanga kuanzia ile ningekushika mkono tukainunue leo hadi ile ambayo ningekusihi uiache pale pale dukani. Ninachoangalia ni ute, ile nyama laini ya ndani ya jani: unapata kiasi gani kwa pesa yako, na una uhakika gani kwamba ni ute wa kweli.

1. Mche

Nunua mche, hata kama umepanga chumba kimoja, mradi una dirisha linalopata mwanga. Wangu niliupata soko la Tengeru siku ya Jumamosi kwa shilingi 3,000. Ulikuwa na majani matano membamba kama vidole. Leo uko kwenye ndoo iliyotobolewa chini, umezaa vitoto, na majirani watatu wameshapanda vya kwao.

Kazi iko kwenye kuutambua. Huku kwetu mishubiri ya porini, mimea ya jamii ya alovera, imejaa. Ile unayoiona ukielekea Monduli au Longido, yenye majani mapana, miiba ya kahawia na maua mekundu, ni Aloe secundiflora, ambayo Wamaasai huiita osuguroi. Ina heshima yake, na wafugaji wengi huwawekea kuku kwenye maji ya kunywa, lakini siyo hii tunayoitafuta kwa ajili ya ngozi. Alovera yenyewe asili yake ni Bara Arabu. Majani yake yana kijani cha kijivu, yamesimama wima, miiba yake ni midogo na imepauka, na ikichanua maua yake ni ya njano. Madoa meupe yasikutishe: mche mchanga wa alovera huwa nayo, hufifia unapokua. Na usiende kung'oa ya porini ukauze. Mishubiri yote isipokuwa alovera hii imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na biashara yake ya kuvuka mipaka inadhibitiwa.

Kabla hujalipa, bonyeza jani la chini kabisa. Liwe gumu, limejaa. Kisha shika shina na ulitikise kidogo: likicheza, mizizi imeoza kwa maji mengi, na mche huo hautafika hata mwezi. Nyumbani upande kwenye udongo uliochanganywa na changarawe, umwagilie pale tu udongo unapokauka. Kuanzia Machi hadi Mei usogeze chini ya paa, maana masika ya huku ndiyo huimaliza mishubiri ya vyungu, siyo jua. Utahitaji miaka mitatu hivi kupata majani manene kweli, ila jani la nje unaweza kulikata mapema zaidi.

Namna ya kulitumia ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kata jani karibu na shina, lisimamishe kwenye kikombe, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, uliache robo saa. Utaona utomvu wa njano ukichuruzika taratibu hadi chini ya kikombe. Huo ndio shubiri wenyewe, ndio tunaousema tunapomwita mtu mchungu kama shubiri, na ndio unaowasha ngozi. Umwage. Osha jani, ondoa miiba ya pembeni, menya ganda la juu, na ute utabaki mkononi: mweupe kama kioo, wa baridi, unaoteleza. Asilimia 98 au zaidi ya ute huo ni maji. Jaribu kidogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima ndipo upake usoni. Unaobaki ugandishe kwenye vibakuli vya barafu.

Mwaka jana mdogo wangu alikuwa anakaanga maandazi, mafuta yakamrukia kifundo cha mkono. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno. Tulikataa. Tuliuweka mkono chini ya bomba dakika 20, maji yakitiririka, kisha ndipo tukapaka ute, mara tatu kwa siku. Kwa kidonda kidogo cha juu juu kama kile, alovera inafanya kazi, na pia kwa ngozi iliyokauka au iliyochomwa na jua. Lakini ukiona malengelenge makubwa, au aliyeungua ni mtoto, au ni usoni, usipake kitu chochote. Maji, kisha hospitali.

2. Jani lililokatwa

Linafaa kama unataka kuosha nywele au kupaka ngozi wiki hii na huna mche. Uliza kwa wauza mboga, Kilombero kwa Arusha au Mbuyuni kwa Moshi. Wasipokuwa nalo siku hiyo, wengi watakuletea kesho ukiagiza. Chagua zito, lisilo na mpasuko. Lililokunjamana limeshapoteza maji. Mengine yote ni kama nilivyoeleza kwenye mche.

3. Jeli ya chupa

Hapa ndipo pesa zetu nyingi zinapotea. Niliwahi kununua jeli ya kijani inayong'aa kwenye duka moja la vipodozi mjini, shilingi 12,000, picha ya jani kubwa mbele. Nyumbani nikasoma nyuma ya chupa kwa kutumia tochi ya simu: maji, alkoholi, kigandishi, rangi, manukato, na mwishoni kabisa, baada ya rangi, alovera. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Kitu kinachokuja baada ya rangi ni tone tu. Nilikasirika kwa sababu nilimnunulia mama, ambaye ngozi yake inakauka sana Julai, na alkoholi ile ilimzidishia ukavu.

Tatizo hili haliko kwetu tu. Mwaka 2016 nchini Marekani, jeli kadhaa za maduka makubwa zilipimwa maabara, na dalili za alovera hazikuonekana.

Kwa hiyo soma nyuma kabla ya mbele. Alovera, au Aloe barbadensis, iwe ya kwanza au ya pili. Ute wa kweli hauna rangi, hivyo kijani kile kimetiwa. Tafuta alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya vipodozi na vyakula. Krimu ya "alovera" inayoahidi kukung'arisha kwa siku saba iache: haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na bado zinaingizwa kwa majina mazuri.

Jambo moja naliomba kwa dhati. Alovera hutuliza ngozi iliyokwishachomwa, haizuii jua. Kama una ndugu mwenye ualbino, jeli hii siyo kinga yake. Mafuta maalumu ya kuzuia jua kwa ajili yao, Kilisun, yanatengenezwa hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC. Mpeleke akaulizie.

4. Sabuni na shampuu

Ni sawa kama sabuni. Ute unaoshwa na maji kabla haujafanya lolote kubwa. Mwenye mba atafaidika zaidi akipaka ute mbichi kichwani, akauacha nusu saa kisha akaosha.

5. Juisi

Sinunui, ila najua wengi mtanunua, basi nunueni kwa akili. Lebo iseme imetengenezwa kwa ute wa ndani, siyo jani zima, na kwamba aloini, kemikali chungu ya ule utomvu wa njano, imeondolewa. Kiwango kinachofuatwa na watengenezaji wakubwa duniani ni chini ya sehemu 10 kwa milioni. Ukionja ikawa chungu, iache, utomvu umo. Utomvu huo huendesha tumbo vikali, hupunguza potasiamu mwilini, na dondoo la jani zima, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeliweka kundi 2B, la vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Mjamzito asinywe. Anayenyonyesha asinywe. Mwenye kisukari anayemeza dawa azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na juisi inayopimwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu stendi, bila lebo, haina pa kuisomea hata hayo machache.

6. Unga na vidonge

Huwezi kuona ute, huwezi kuonja utomvu, huwezi kujua ni mmea gani uliosagwa. Marekani iliziondoa dawa za kuendesha tumbo zenye shubiri kwenye mauzo ya bila cheti mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Pakiti moja ya unga niliyoulizia karibu na Soko Kuu ilikuwa shilingi 15,000. Hiyo ni miche mitano ya Tengeru, na soko hilo hujaa Jumatano na Jumamosi.