Ziara ya siku moja Pugu na Minaki: Mwalimu saa nzima, Minaki dakika kumi

Nyota tatu. Ya nne mwongozaji angeipata bila shida kama angejua kugawa muda.

Huduma yenyewe ni ya kijana mmoja anayetembeza watu Jumamosi kwa Noah yake. Mnatoka Dar asubuhi, mnaanzia Pugu sekondari, mchana mnakula Kisarawe mjini, mnapita Minaki, jioni mnamalizia kwenye mapango ya kaolini kuangalia popo wakitoka. Elfu arobaini na tano kwa kichwa, maji ya kunywa yake, chakula chako. Jina lake naliacha, malalamiko yangu ameshayasikia kutoka kinywani mwangu. Gari ni safi, kiyoyozi kinafanya kazi, na tulipokwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto hakutanua pembeni kama wenzake. Kwa barabara ile, hiyo ni sifa kubwa.

Pugu yuko vizuri sana. Ruhusa alishaiomba, tukapokelewa, tukazungushwa. Anaeleza shule ilivyokuwa St. Francis College ya Wakatoliki, na Julius Nyerere alivyokuja kufundisha pale baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Januari 1953 akamuoa Maria, Aprili akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, na bado madaftari ya wanafunzi yanamsubiri asahihishe. Julai 7, 1954 TAA ikawa TANU. Machi 1955 akaenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi ikabidi achague: chaki au siasa. Akaacha kazi. Kijana anaisimulia habari hii hadi mjukuu wangu, ambaye tangu Ukonga macho yalikuwa kwenye simu, akainua kichwa na kuuliza, "Sasa alikuwa anakula nini baada ya hapo?" Swali zuri, na akajibiwa vizuri. Benjamin Mkapa kusoma pale naye alitajwa, na wamisionari Wabenedikto waliofika Pugu mwaka 1888 wakavamiwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani.

Halafu picha. Kila mtu na pozi lake, kila familia na mpangilio wake, saa nzima ikayeyuka pale.

Chakula cha Kisarawe sina neno. Ni kwa mama lishe, mabenchi ya mbao, wali wa nazi, kisamvu kilichopikwa kikapikika, na samaki wa kukaanga ambaye hakuchacha. Mwenye haraka asikae pale, maana sahani inakuja ikiwa tayari. Tulikula tukasahau kuna Minaki.

Na mwongozaji naye alikuwa kama amesahau. Tulipofika getini hakuwa na barua. Mlinzi akamwambia kwa upole kabisa kwamba shule ni ya bweni, wanafunzi wako ndani, hawezi kuingiza watu wasiojulikana. Alifanya kazi yake, simlaumu hata kidogo. Tukabaki barabarani, jua la saa tisa, kijana akatangaza: "Hii nayo ni shule kongwe, ya Waanglikana, tangu 1925. Kuna mwenye swali?"

Mimi nilikuwa nalo. Baba yangu alisoma Minaki kabla ya uhuru, na mpaka anazeeka alikuwa akisema "sisi watu wa Kiungani" ingawa Zanzibar hakuwahi kuishi. Nikamuuliza kijana: 1925 shule ilianzishwa, au ilihama? Akanitazama, akacheka, akasema, "Basi mzee, tuelezee wewe." Kwa hiyo nimelipa elfu arobaini na tano zangu, na za mjukuu, nikawa mwongozaji mwenyewe.

Niliyowaeleza pale ndiyo yanayostahili kuwa moyo wa ziara hii. Mwaka 1925 ni mwaka wa kuhama. St. Andrew's College ilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, chini ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, na shule ikakua kutokana na watoto wa namna hiyo: Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, kila mmoja na kijiji chake alichoporwa. Baadhi yao walisimulia wenyewe jinsi walivyokamatwa, na A. C. Madan, yuleyule wa kamusi ya Kiswahili, akayatoa masimulizi hayo London mwaka 1887. Mmoja wa waliopita pale, Cecil Majaliwa, Myao, alipewa upadri mwaka 1890 akahudumu upande wa Masasi. Hii si shule ya watoto wa machifu. Wanafunzi wake wa mwanzo hawakuwa hata na wazazi wa kuwalipia ada.

Na hapa ndipo kijana wetu alipoacha hela mezani. Alitumia asubuhi nzima kwa TAA, akafika Minaki asijue kwamba uzi unaanzia huku. Martin Kayamba alisoma Kiungani. Mwaka 1922, akiwa karani wa serikali Tanga, alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Miaka saba baadaye ikaja African Association pale Dar es Salaam, ambayo ndiyo TAA aliyoikuta Nyerere. Shule hizi mbili ziko karibu kiasi kwamba unakula chakula cha mchana katikati yake, na zote mbili serikali ilizitwaa kutoka kwa misheni baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Ukizisimulia pamoja una ziara isiyo na mfano Dar nzima. Ukizitenganisha una mahali pa kupigia picha, na geti.

Kijana alisikiliza, nimpe haki yake. Alitoa simu akaandika, akaniuliza Kayamba anaandikwaje. Aliahidi barua ya mkuu wa shule itaombwa mapema, kama anavyofanya Pugu.

Mapango sitayamaliza kwa maneno mengi. Popo ni wengi kweli, harufu yao ni kali kweli, na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi jioni una hewa ambayo Tabata hatuijui. Njia inateleza mvua ikinyesha. Mama mmoja alikuja na viatu vya harusi akaishia kubaki garini.

Mkienda, mpigieni siku mbili kabla mumuulize jambo moja tu: barua ya Minaki ipo? Kama haipo, mwambieni aanzie Minaki asubuhi wakati watu bado wana nguvu za kusikiliza, Pugu iwe ya mchana. Malipo ni kwa lipa namba, risiti hatoi mpaka umdai. Wenye magoti mabovu wakae kiti cha mbele, kile cha nyuma kabisa ni cha watoto.