Harry Potter kwa Kihindi: Tazameni Walichofanya na Majina!

Habari zenu, karibuni tena. Leo nina kitabu mkononi, hiki hapa: Harry Potter Aur Paras Patthar. Ni toleo la Kihindi la Manjul Publishing House ya Bhopal, India, mfasiri Sudhir Dixit. Hadithi siielezi, mnaijua, filamu mmezirudia mpaka basi. Mimi nataka tuzungumze majina.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona kidole changu kilipo? Mnayakumbuka mabweni manne ya Hogwarts, ile shule ya uchawi. La kwanza, Gryffindor. Angeweza kuliandika hivyo hivyo kwa herufi za Kihindi, akaendelea na safari. Huyu kaandika Garudwar! Tamkeni na mimi: Ga-rud-war. G ipo, R ipo, D ipo, sauti haijapotea. Sasa maana. Garud ni yule ndege mkubwa anayembeba mungu Vishnu, dwar ni mlango. Na griffin wa Wazungu naye ni nusu tai, nusu simba. Kwa hiyo mtoto wa Bhopal anafika ukurasa huu akiwa ameshamjua ndege huyo tangu hadithi za bibi yake. Niliposoma hapa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikainuka, nikazunguka chumbani.

Slytherin kaiita Nagshakti. Nag ni swila, shakti ni nguvu. Hufflepuff ni Mehnatkash, yaani mchapakazi, na ndivyo walivyo wale watoto. Ravenclaw ndiyo ilinikera: Chilghaunsla, kiota cha mwewe. Kucha za kunguru za jina la Kiingereza zimekwenda wapi? Na jina lenyewe refu. Lakini nimelitamka wiki nzima, limeanza kunikaa mdomoni. Bado naliweka la nne, ila silichukii tena.

Hata jina la kitabu. Paras ni jiwe la ngano za India, likigusa chuma kinageuka dhahabu. Kule Marekani mchapishaji aliona "jiwe la mwanafalsafa", jina la awali la Kiingereza, litawachanganya watoto, akabadilisha jina. Kihindi kilikuwa na jiwe lake tayari!

Mtaniuliza, kwa nini tununue kitabu wakati Pratham Books, wachapishaji wa Bengaluru, India, wanatoa hadithi bure? Kweli, tovuti yao ya hadithi, StoryWeaver, ipo mtandaoni tangu 2015, na za Kiswahili zimo. Wanangu wanazisoma kwenye simu, nazipenda sana. Ila ni hadithi fupi. Mtoto wa miaka 11 anataka kitabu cha kumkesha, cha kusomea chini ya shuka.

Bei: vitabu vya India bei huchapishwa nyuma ya jalada, hapa, kwa hiyo geuzeni kabla ya kutoa hela. Changu ni cha mtumba, nilikiokota kwa wauza vitabu wa kando ya barabara kule Fort, Mumbai, enzi nasoma. Kinachouma ni gharama ya kukisafirisha, kwa hiyo mwagizeni ndugu anayekwenda huko kutibiwa au kusoma.

Halafu, kuanzia mwezi ujao video zitakuwa mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Ijumaa ya kwanza nafungua kitabu cha tatu. Wale viumbe wanaonyonya furaha ya watu, kwa Kihindi wanaitwa Dampishach: dam ni pumzi, pishach ni pepo mla nyama. Nitawasomea ile sehemu ya kwenye treni, taa nikiwa nimezima.