Akina Sackett kutoka kwa muuza vitabu wa Langoni

Kazi yangu ni boti, kati ya kisiwa cha Lamu na Mokowe upande wa bara, na nusu ya kazi ya boti ni kungoja. Basi la kutoka Malindi likichelewa nakaa gatini Mokowe saa nzima, siku nyingine mbili. Ndiyo maana napenda vitabu vinene, na ndiyo maana namwandikia sifa mzee mmoja anayeuza vitabu vya mtumba barazani kwake, kwenye kichochoro cha Langoni, mjini Lamu.

Nilimwendea baada ya Idi nikitaka hadithi ndefu ya ukoo: watu wanaohamia nchi ngeni, wanajenga, wanazaa, wanazikwa, wana wao wanaendelea. Akaingia ndani, akatoka na vitabu vitano vya Louis L'Amour, mwandishi Mmarekani wa riwaya, vimefungwa pamoja kwa uzi wa nyavu. Vyote ni vya familia ya Sackett, ambayo ina riwaya 17. Nikanyoosha mkono nichukue cha juu kwa sababu jalada lilinivutia. Akanizuia.

"Sicho hicho, mwanangu. Babu kwanda, wayukuu baadaye."

Hapo alinitendea wema mkubwa, kwa sababu vitabu hivi havikuandikwa kwa kufuata nasaba. The Daybreakers, kinachohusu uzao wa mbali, kilitoka 1960. Sackett's Land, chenye babu mwenyewe, kilitoka 1974. Ukifuata miaka ya kuchapishwa unajuana na vilembwe kabla hujasikia jina la aliyewaleta. Mzee alikuwa amekwisha andika namba kwa penseli ndani ya kila jalada, 1 hadi 5. Hapa kwetu mtu akikutana nawe mara ya kwanza hukuuliza u mwana wa nani. Mzee ameviuliza vitabu vyake swali hilo hilo, akavipanga kwa majibu yake.

Babu huyo ni Barnabas, kijana wa nchi ya mabwawa mashariki mwa Uingereza, karibu mwaka 1600. Anaokota sarafu za dhahabu za kale matopeni, na kutokea hapo maisha yake yanageuka hadi kumvusha bahari kwenda Marekani. Nilisoma mwanzo huo maji yamekupwa, tope la mikoko likinuka, watoto wakichimbua chambo mbele yangu. Nilihisi naijua nchi ya mtu huyu: miguu iliyozama, jicho linalotafuta kitu kidogo kinachong'aa.

Cha pili, To the Far Blue Mountains, ndicho kilichonishika zaidi. Barnabas na mkewe Abigail wanajenga nyumba mwituni na kupata watoto, kisha Abigail anarudi Uingereza na binti yao Noelle pamoja na mwana wao Brian. Wana wengine, Kin, Yance na Jubal, wanabaki na baba. Hakuna ugomvi wala talaka, ni bahari tu imewaingia kati. Ndugu wa babu yangu alipanda jahazi kwenda Uarabuni akiwa kijana, hakurudi, na mama yao aliendelea kumtaja kila alipohesabu wanawe, mpaka alipofariki. Kwa hiyo sura zile nilizisoma polepole, na abiria mmoja ilibidi aniite mara mbili.

Kisha nasaba inakatika. Kutoka wana wa Barnabas mpaka Echo, msichana wa miaka 16 katika Ride the River, kuna karibu miaka 200, na hata ukivipata vyote 17 pengo hilo halizibiki. L'Amour alifariki 1988. Echo anasafiri kutoka milima ya Tennessee hadi Philadelphia kuchukua urithi, anaostahili kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote katika uzao wa Kin. Msichana ni jasiri na safari yake inasisimua, lakini mimi nilitaka majina. Mirathi yote imesimama juu ya ukoo, na sisi tunaonyeshwa ncha mbili za kamba tu.

Jambo jingine ni ardhi. Echo anateremka milimani karibu mwaka 1840. Mwaka 1838 serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu Wacherokee kutoka kwao, ikiwemo sehemu ya Tennessee hiyo hiyo, maelfu wakafa njiani. Katika vitabu hivi vitano aliyenyang'anywa hapewi nafasi ya kuhesabu mababu zake kama Sackett anavyohesabu wake. Babu yangu alikuwa na shamba bara, akaliacha wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960, kama watu wengi wa vijiji vya huko. Nikisoma Sackett akisimamisha nguzo za nyumba, jicho langu linatafuta nani alilima pale kabla yake.

Katika The Sackett Brand, Tell, mmoja wa uzao huo wa mbali, anauliwa mkewe na kubaki peke yake akiwindwa Arizona. Habari zinasambaa, na akina Sackett wasiowahi hata kumwona wanatandika farasi kutoka kila upande. Ni kama msiba hapa, jioni moja boti za Faza na Siyu zinavyofika zimejaa watu. Nakala yangu ilikosa kurasa za mwisho. Nilirudi kwa mzee nikiwa na hasira, na nilimwambia, "Ami, hiki hakina mwisho." Alikipokea, akanirudishia shilingi zangu 150 bila neno, siku ya pili akanisimulia mwisho wenyewe barazani, sauti ya chini, kahawa mkononi, akisimama kila punda anapopita ili avute vitabu ndani visikwaruzwe na magunia ya mchanga.

Kwa hiyo mkienda, fungueni kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Yuko barazani baada ya alasiri mpaka magharibi, Ijumaa hafungui. Ukimrudishia kitabu kizima unaongeza shilingi 50 na kuchukua kingine. Kitabu kiitwacho Jubal Sackett anacho kimoja tu, na nimemwomba aniwekee hadi Alhamisi.